Raakel Asikiaye Pumzi za Madaktari

Kwa miaka thelathini na mmoja Raakel Hyttinen aliyajua mambo ya madaktari ambayo hata wake zao hawakuyajua, na hakuwahi kumgusa hata mmoja wao. Kazi yake ilikuwa kuandika. Huku kwetu daktari haandiki habari za mgonjwa kwa mkono wake. Akitoka wodini hunyanyua kinasa sauti, akasema anayoyasema, na alama za uandishi akazitaja kwa mdomo: tumbo laini nukta, hana homa nukta, aya mpya. Sauti inashuka kwa waya hadi ghorofa ya chini kabisa, jirani na chumba cha mashuka machafu, na huko wamekaa wanawake wawili wenye hedifoni masikioni na pedeli mguuni. Ukikanyaga, daktari anaongea. Ukiinua mguu, ananyamaza. Maire, wa meza ya pili, alipenda kusema kwamba Ufini nzima hakuna mke aliyewahi kupewa kifaa kama hicho.

Watu hudhani kanda ya daktari imejaa maneno. Imejaa pumzi. Raakel aliweza kukwambia nani amepanda ngazi na nani kachukua lifti, nani anaongea na mkate wa iliki mdomoni, nani ametoka kulia chooni akanawa uso kwa maji baridi. Hakumwambia mtu. Sheria ya ghorofa ya chini ilikuwa moja, na mkuu wao wa zamani aliibandika ukutani kabla hajastaafu: Andika kilichosemwa. Neno lisiposikika unaweka kistari na idadi ya sekunde, faili inarudi juu, daktari anajaza mwenyewe na kuthibitisha. Pumzi si neno. Pumzi haiandikwi.

Ndivyo alivyomwandika Eljas Rautiola mpaka mwisho. Rautiola alikuwa daktari wa upasuaji, mtu wa mikono mikubwa na sauti ya kuuzia viazi. Mwaka wake wa mwisho Raakel alianza kusikia kitu. Maneno mazito Rautiola aliyatema bila shida, saratani, kukata mguu, kifo, kama anasoma bei sokoni. Lakini kila alipotaka kusema mgonjwa anaendelea vizuri, pumzi ilisimama. Sekunde nne. Tano. Kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa nyuma yake na hataki kugeuka. Kisha: anaendelea vizuri nukta.

Raakel aliyasikia hayo kuanzia Machi hadi Novemba, akanyamaza. Wiki ya pili ya Novemba Rautiola alikwenda ziwani kutazama nyavu zake chini ya barafu. Barafu ya Novemba ni nyembamba kama kioo cha saa, na Rautiola alizaliwa kando ya ziwa lile lile. Hata mbwa wake alijua, ndiyo maana mbwa alirudi nyumbani peke yake, tena mkavu. Watu walisema ajali. Raakel naye aliandika ajali, maana ndicho kilichosemwa.

Kwenye kompyuta ilibaki faili moja ya marehemu, ya sekunde kumi na moja, isiyo na neno. Kwa kuwa haina neno, haiandikiki. Na kwa kuwa faili hufungwa na daktari mwenyewe tu, haifungiki. Mafundi waliombwa mara tatu, na mara tatu wakajibu kwa adabu kwamba mhusika aingie kwa nywila yake athibitishe. Basi kila asubuhi saa moja na nusu, kwa miaka minane, skrini ilimsalimu Raakel vilevile: Rautiola E., moja, haijaandikwa. Maire alishauri waletewe mchungaji. Raakel hakucheka. Yeye hakuweza hata kuoga sauna, bafu letu la mvuke, peke yake tena, maana ukiyamwagia mawe maji, mawe hutoa pumzi ndefu, na yeye alikuwa akikaa pale juu kwenye ubao, uchi, akihesabu sekunde mpaka mvuke uishe.

Mwaka wa nane hospitali ikagundua kwamba madaktari wana msongo. Iligundua kwa dodoso. Watatu walikuwa wamekwisha acha kazi, mmoja wao akaenda kufuga nyuki na kutopokea simu, lakini hilo halikuhesabika mpaka dodoso liliposema. Mganga mkuu, Henrik Malmivaara, akaleta mtaalamu kutoka Helsinki, Pinja Lagerstam, mwanamke mchangamfu aliyevaa soksi zisizofanana makusudi, na masanduku mawili ya vibanio. Unabana kibanio kwenye ndewe ya sikio, nacho kinausoma moyo na kukuonyesha kwenye skrini unavyokwenda. Moyo ukienda kama meno ya msumeno, taa ni nyekundu. Ukipumua taratibu, sekunde tano ndani na tano nje, meno yanalainika yakawa mawimbi mapana, na taa inageuka kijani. Si kiini macho. Wauguzi walijaribu kwanza, mchana, mlango umefungwa, na wengi walitoka mabega yameshuka, mmoja akasema kwamba alikuwa hajui kama mabega yake yana mahali pa kushukia.

Kosa ni kwamba vibanio vikapelekwa kwa madaktari. Daktari ni mtu ambaye amekuwa akifaulu mitihani tangu ana miaka saba. Ukimwonyesha taa ya kijani hapumziki; anaiwinda. Wiki mbili hazijaisha, kwenye chumba cha kahawa kukawa na ubao wa matokeo. Daktari wa mifupa akameza kidonge cha presha ili apate kijani. Daktari wa dawa za usingizi akakibana kibanio chake kwenye sikio la mgonjwa aliyekwisha kulala mezani, na mgonjwa akashika nafasi ya tatu. Pinja naye alikuwa na shida ya pekee. Watu wa huku mashariki mwa nchi, mtu akikubali jambo huitikia kwa kuvuta pumzi ndani, ‘joo’, yaani ndiyo, inaingia badala ya kutoka. Kila alipouliza kama wameelewa, chumba kizima kilivuta, na taa zote zikawa nyekundu.

Taa moja tu haikuyumba, ya Aatos Piipponen. Aatos alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani, miaka thelathini na mitatu, mwembamba, mtaratibu, mtu wa kula karoti mbichi amesimama dirishani. Akibana kibanio, kijani kilikuja kabla hujamaliza kukaa, na kilibaki. Pinja alisema hajaona grafu kama ile tangu aanze kazi, akaomba ruhusa kuipiga picha. Akamfanya mwalimu wa wenzake.

Malmivaara, mtu wa hesabu, akaona jambo la wazi kabisa: zamu zilizokosa mtu apewe asiye na msongo. Aatos akapangiwa Jumapili mbili, kisha wikiendi nzima, kisha Siku ya Uhuru ya Desemba ijayo, kisha Krismasi. Alipojaribu kufungua mdomo, mganga mkuu alimfungulia grafu. “Kijana wangu, moyo wako una nafasi kuliko ratiba yangu,” alimwambia, na akampiga bega kwa upendo wa kweli. Sifa hiyo tusimnyime.

Jumatatu moja ya Novemba Raakel alikanyaga pedeli akamsikia Aatos. Kifua safi nukta. Hana maumivu nukta. Mgonjwa…

Pumzi ikasimama.

Mguu wake ulikuwa bado chini. Alihesabu nne, tano, sita. Kisha: anaendelea vizuri nukta. Raakel alivua hedifoni akageuka nyuma. Hapakuwa na mtu, ila Maire anayemenya yai.

Kwa wiki mbili alimfuata Aatos kama mtu anayefuata nyayo kwenye theluji. Kifo kilikuja bila kigugumizi. Saratani ilikuja. Lakini mbele ya anaendelea vizuri kulikuwa na shimo, na shimo lilikuwa linapanuka, sita, saba, tisa. Nyumbani alianza kulisikia shimo lile ndani ya birika kabla halijachemka. Alimweleza Maire. Maire alifuta mikono kwenye sketi, akamwambia kwamba wao ni waandishi, si waganga wa kienyeji, na kwamba pensheni yake imebakiza miezi kumi na minne. Raakel akamtafuta Pinja koridoni. Pinja alimsikiliza vizuri, akachomoa grafu, akamwonyesha mawimbi mazuri, akasema pengine kijana anafanya mazoezi hata akiwa kwenye kinasa sauti, na hiyo ni dalili njema.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na Raakel alikuwa amekisikia mshindo mmoja tayari. Asubuhi moja, akivuka daraja kwenda kazini, aliona ziwa limeshika barafu ya kwanza, nyeusi, bila theluji juu yake. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Aatos alikuwa na siku yake ya kwanza ya mapumziko baada ya siku kumi na tisa.

Akakaa, akafungua faili sita za Aatos, akaziandika kama zilivyosikika. Mgonjwa, kistari, sekunde tisa, kistari, anaendelea vizuri. Mgonjwa, kistari, sekunde nane, kistari, anaendelea vizuri. Sita zote. Sheria iliruhusu kistari mahali pasiposikika neno. Haikusema lolote kuhusu mahali ambapo hapakuwa na neno la kusikika. Akabonyeza, zikapanda juu zisubiri kuthibitishwa. 

Saa nane na nusu mchana, mwanga mfupi wa Novemba unaanza kuaga, Aatos akashuka. Maire alimwona usoni, akasema anakwenda kutafuta kahawa, akafunga mlango nyuma yake.

“Raakel, faili zangu zimeharibika.”

“Hazijaharibika.”

“Sita. Zote zina mashimo, pale pale.”

“Ni pale pale unapoyachimba, daktari.”

Aatos alisema, kwa sauti ya mtu anayejitahidi kuwa na adabu, kwamba wagonjwa husoma kurasa zile nyumbani kwao. Je, bibi wa miaka themanini akiona daktari wake amenyamaza sekunde tisa kabla ya kusema hajambo, atafikiria nini? Raakel akasema atafikiria kama anavyofikiria yeye Raakel. Aatos akasema itabidi amwarifu mganga mkuu. Raakel akasema sawa, amwarifu, ila asikilize kwanza. Akamvika hedifoni zenye joto la masikio yake na kukanyaga pedeli.

Aatos akajisikiliza mwenyewe. Mara ya kwanza alikunja uso kama mtu anayesikia sauti yake kwenye simu. Mara ya tatu uso haukukunjika. Ndipo Raakel akafungua ile faili nyingine, ya sekunde kumi na moja, akamwachia. Aatos alikaa ametulia, kichwa kimeinama upande, mpaka ikaisha.

“Huyu nani?”

“Daktari aliyekuwa anaendelea vizuri.”

“Yuko wapi?”

Raakel alielekeza kidevu dirishani, lile dirisha dogo la juu linaloonyesha magurudumu ya magari na, nyuma yake, utepe wa ziwa.

“Ulimwambia?” Aatos akauliza.

“Sikumwambia. Kazi yangu ilikuwa kuandika kilichosemwa.”

Baada ya hapo Aatos alisimulia, na alisimulia kama anavyotoa habari za mgonjwa, kwa mpangilio, ila nukta hakuzitaja. Septemba alikuja seremala mmoja, Uuno Kekki, na maumivu ya mgongo na kifua. Vipimo safi. Moyo safi. Mzee alimtania kwamba mlango wa chumba cha uchunguzi umetengenezwa na mtu asiyejua mbao. Aatos akamruhusu aende nyumbani, akanena kwenye kinasa sauti kwamba anaendelea vizuri. Jioni ile ile wakamrudisha, mshipa mkubwa wa moyo umepasuka. Wengine walikandamiza kifua, Aatos alishika mfuko wa hewa akawa anaminya, anaachia, anaminya, kwa dakika arobaini, mpaka yeye mwenyewe akasema inatosha. Tume ilikaa ikaona hakuna kosa. Mjane alituma kadi ya shukrani yenye picha ya ndege. Hiyo kadi, alisema, ndiyo iliyommaliza.

Raakel alimuuliza basi kile kijani kinatoka wapi.

Aatos aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa pajani. Ulikuwa unakunjika na kukunjuka, taratibu, kama mdomo wa samaki nje ya maji.

“Mashine ikisema vuta, mkono unaminya. Chini ya meza, hawaoni. Sipumui mimi, Raakel. Nampumulisha yeye. Ndiyo maana ni kijani kila siku. Nikikosea mpigo mmoja anakufa tena.”

“Na usipovaa kibanio?”

“Nampumulisha vilevile.”

“Nyumbani je?”

Aatos aliitikia kwa kuvuta pumzi ndani.

“Jumamosi unakwenda wapi, mwanangu?”

Pale pumzi ikasimama. Raakel hakutazama saa, hakuhitaji. Ilipita tano, ikapita tisa, ikafika mahali ambapo hajawahi kufika na mtu aliye hai. Kule nyuma ya ukuta mashine ya mashuka iligeuza ngoma yake, ikatulia.

“Sijui,” Aatos akasema.

“Haya. Basi utampigia simu daktari wa wafanyakazi sasa hivi, na ukimaliza utampigia Henrik, na mimi nitakuwa nimekaa hapa hapa. Siendi kahawa, siendi popote.”

Simu ya kwanza ilikuwa fupi: aje leo, kabla ya saa kumi. Ya pili ilichukua muda, kwa sababu mganga mkuu alifikiri ni mzaha, na baadaye alifikiri ni homa. Sauti yake ilisikika hata nje ya simu, ikimkumbusha kwamba yeye ndiye mtulivu kuliko wote hospitali nzima, takwimu zipo, na Krismasi ni baada ya wiki nne.

“Henrik,” Aatos alisema, “aliye kijani si mimi. Ni mtu mwingine.”

Akakata. Raakel akamsindikiza hadi kwa daktari wa wafanyakazi, akabaki kwenye benchi la koridoni na mkoba magotini kama mama aliyemleta mtoto kuchanjwa. Jioni dada yake Aatos alikuja kwa gari kutoka mji wa Kajaani, akamchukua. Alipewa likizo ya ugonjwa ya miezi mitatu, na Jumamosi alikuwa jikoni kwa dada yake akimenya viazi chini ya ulinzi wa wapwa wawili.

Pinja Lagerstam, kwa sifa yake, hakujitetea. Aliposikia alikwenda chumba cha kahawa akaung'oa ule ubao kwa mikono yake, skrubu moja ikabaki ukutani. Kisha akasafiri hadi Kajaani kwa basi, bila kibanio, akakaa na Aatos akimfundisha kutoa pumzi bila kuminya kitu. Viganja wazi, juu ya meza, vionekane. Alisema ilichukua siku nne mkono kukubali. Ripoti ya mwisho ya mradi iliandika kwamba wastani wa utulivu umeshuka kidogo kwa sababu mshiriki mmoja amejitoa.

Na Raakel akapata onyo. Alilipata kwa njia ya kawaida ya hospitali yetu: mganga mkuu aliongea barua kwenye kinasa sauti, sauti ikashuka kwa waya, ikaingia kwenye foleni ya Raakel Hyttinen. Akakanyaga pedeli. Kwa kuingiza katika kumbukumbu ya mgonjwa jambo lisilosemwa koma mwandishi Hyttinen amekiuka taratibu nukta. Maire alipojua kinachoandikwa alicheka mpaka akashika meza, akamsihi angalau alikosee jina lake. Raakel aliliandika sawasawa. Palipokosekana koma akaitia, akarekebisha tarehe, akaipandisha juu ithibitishwe.

Siku tatu barua haikuthibitishwa. Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, walisikia mtu akifungua mlango wa chumba cha mashuka machafu, akaomba radhi kwa mashuka, akaufunga. Halafu mlango wao ukafunguliwa. Henrik Malmivaara hakuwa amewahi kushuka ghorofa ile. Alisimama na koti lake jeupe kati ya meza ya Maire na ile karatasi ya ukutani, akawa kama mtu aliyeingia kanisa lisilo lake.

Alisema amekuja kuhusu barua. Raakel akamjibu kwamba barua ipo kwake juu, inamsubiri. Akasema anajua. Akauliza kama kuna baridi huku chini kila siku. Maire akasema kila siku, akachukua kikombe chake akatoka bila kuambiwa.

Mganga mkuu alibaki akitazama pedeli.

“Novemba ile ya Eljas,” akasema. “Zamu kumi na nne mfululizo. Ratiba niliipanga mimi.”

 Hedifoni zilikuwa shingoni mwa Raakel.

“Nilimuuliza koridoni unaendeleaje. Akaniambia vizuri. Nilifurahi, Raakel. Nilikuwa na pengo la Jumapili.” Alitaka kuendelea, mdomo ukafunguka, na hakuna kilichotoka.

Raakel aliinua mguu kutoka kwenye pedeli, akaziweka hedifoni mezani, akaisukuma kibodi mbali na mikono yake.

“Keti, Henrik,” akamwambia. “Siandiki.”